Jiko la Familia na Ua Wake wa Kazi: Kupima Kabla ya Kujenga

Katika ramani nyingi za nyumba zinazojengwa siku hizi, jiko hufikiriwa mwisho. Sebule hupimwa kwanza, vyumba vya kulala hufuata, na pembe inayosalia nyuma ndiyo huandikwa neno "jiko". Lakini hapo ndipo zinapofanyika kazi nzito kuliko zote za nyumbani: kuwasha moto, kuinua maji, kutumia visu, kuhifadhi nafaka, kuosha vyombo na kufua nguo. Makosa ya pembe hiyo hulipwa kila siku na yule anayepika, kwa mgongo wake, macho yake na mapafu yake.

Hayo si maneno ya kutia chumvi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 uchafuzi wa hewa ndani ya nyumba, utokanao na kupikia kwa kuni, mkaa, mafuta ya taa na nishati nyingine za namna hiyo, ulisababisha vifo vipatavyo milioni 3.2 duniani. Kati ya hivyo, zaidi ya 237,000 vilikuwa vya watoto walio chini ya umri wa miaka 5. Mwaka 2024 Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo mwaka 2034. Kubadili nishati ni jambo kubwa. Walakini hata nishati iliyo safi, ikiwekwa katika chumba kilichopangwa vibaya, huja na hatari zake.

Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha jinsi maarifa ya fizikia, kemia, baiolojia na hisabati yanayofundishwa katika shule za sekondari yanavyoweza kutumika kupanga jiko la familia moja mahususi, pamoja na sehemu ya kazi iliyoungana nalo. Neno "jiko" katika Kiswahili lina maana mbili: chumba cha kupikia, na chombo cha kupikia. Hapa neno likisimama peke yake litakuwa na maana ya chumba. Chombo tutakitaja pamoja na nishati yake: jiko la mkaa, jiko la gesi.

1. UA KATIKA NYUMBA ZETU

Wazo la kuwa na sehemu ya kazi iliyo kando ya jiko si geni katika Afrika ya Mashariki. Katika nyumba ya Kiswahili iliyozoeleka Dar es Salaam na miji mingine, ukumbi hupita katikati, vyumba hupangwa kulia na kushoto, na nyuma huwa na ua. Ndani ya ua ndimo mlimokuwa na jiko, stoo, bafu na choo. Huko ndiko nazi ilikokunwa, mpunga ulikotwangwa, samaki walikoparwa na nguo zilikofuliwa. Katika nyumba za mawe za Lamu jiko liliwekwa juu kabisa ya nyumba, ili moshi uondoke bila kupita vyumbani.

Wajenzi wale walitenganisha kazi za aina mbili. Kazi kavu na safi zilikaa ndani. Kazi za maji, majivu na moshi zilikaa mahali penye hewa. Nyumba nyingi za kisasa zimelileta jiko ndani ya kuta, jambo ambalo lina faida zake, lakini zimeuacha ua nje ya ramani. Matokeo yake yanajulikana: jiko la mkaa huwashwa kwenye korido au mlangoni, beseni la nguo huwekwa karibu na sufuria ya mboga, na gunia la mkaa hulala ubavuni mwa gunia la mahindi.

Hoja ya makala haya basi ni hii: jiko la familia lipangwe kutokana na kazi halisi za familia hiyo, si kutokana na picha, na ua wa kazi uhesabiwe kuwa nusu ya pili ya jiko tangu siku ya kwanza ya kuchora ramani.

2. WALIOANZA KUPIMA KAZI YA JIKONI

Fikra ya kulichunguza jiko kisayansi ina historia ndefu. Nchini Marekani, Catharine Beecher na dada yake Harriet Beecher Stowe walichapisha mwaka 1869 kitabu kuhusu nyumba, ambamo vifaa vya jikoni vilipangwa kwa kufuata mpangilio wa kazi. Mwaka 1926 Margarete Schütte-Lihotzky, msanifu majengo kutoka Austria, alibuni jiko kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi katika mji wa Frankfurt, Ujerumani. Alitumia vipimo vya muda na mwendo, na alijifunza pia kutokana na majiko madogo ya mabehewa ya chakula katika treni. Chumba alichobuni kilikuwa na upana wa meta 1.9 hivi na urefu wa meta 3.4 hivi, na majiko yapatayo 10,000 ya namna hiyo yalijengwa.

Jiko la Frankfurt lilipunguza hatua za mpishi kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo lilikuwa na upungufu ambao ni fundisho kwetu: lilipimwa kwa ajili ya mtu mmoja anayefanya kazi peke yake akiwa amesimama. Familia inayopika wali wa watu wanane, ambamo mmoja anakuna nazi akiwa ameketi, wa pili anachambua mchicha na wa tatu anakoroga sufuria, haiwezi kuenea ndani ya upana wa meta 1.9. Tunachopaswa kuiga kutoka Frankfurt ni mbinu ya kupima, wala si vipimo vyenyewe.

3. KUPIMA MWENDO

Katika miaka ya 1940 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walieneza kanuni ya pembetatu ya kazi. Pembetatu hiyo huundwa na vituo vitatu: mahali pa chakula (kabati au jokofu), mahali pa maji (sinki) na mahali pa moto. Kanuni yasema kwamba kila upande uwe kati ya meta 1.2 na 2.7, na jumla ya pande zote tatu iwe kati ya meta 4.0 na 7.9 hivi. Pembetatu ikiwa ndogo mno, watu hugongana. Ikiwa kubwa mno, mpishi huchoka kwa kutembea.

Tuone umuhimu wake kwa hesabu. Chukua nyumba ambayo bomba la maji liko uani, meta 9 kutoka kwenye moto. Mpishi akienda na kurudi mara 40 kwa siku:

Kwa siku: 40 x 18 = meta 720.
Kwa mwaka: 720 x 365 = meta 262,800, yaani kilometa 262.8.

Sasa sinki iwekwe meta 2 kutoka kwenye moto:

Kwa siku: 40 x 4 = meta 160.
Kwa mwaka: 160 x 365 = meta 58,400, yaani kilometa 58.4.

Tofauti ni kilometa 204.4. Huo ni mwendo unaozidi ule wa barabara kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, na sehemu yake kubwa hutembewa mtu akiwa na chombo chenye maji mkononi. Hakuna mashine iliyonunuliwa. Kilichobadilika ni mahali pa bomba tu.

4. KUPIMA MWILI

Kipimo cha pili ni kimo cha meza ya kazi. Ramani nyingi huandika sentimeta 90 bila kuuliza nani atasimama mbele yake. Kipimo cha kuanzia ni kiwiko. Mpishi asimame wima, akunje mkono hadi uwe sambamba na sakafu, na umbali kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko upimwe. Kwa kazi nyepesi, kama kukata mboga, uso wa meza uwe sentimeta 10 hadi 15 chini ya kiwiko. Kwa kazi ya kukandamiza, kama kukanda unga wa chapati, meza ishuke zaidi, ili uzito wa mwili usaidie mikono.

Kwa mpishi ambaye kiwiko chake kiko sentimeta 100 kutoka sakafuni, vipimo vitakuwa kama hivi:

Kukata na kupanga vyombo: sentimeta 85 hadi 90.
Kukanda na kusukuma chapati: sentimeta 75 hadi 80.
Uso wa jiko la gesi, kwa sufuria fupi: sentimeta 80 hadi 85.
Uso wa jiko la gesi, kwa sufuria kubwa ya ugali: sentimeta 60 hadi 65.
Ukingo wa sinki: sentimeta 90.

Sinki huonekana kuwa juu kuliko meza kwa sababu mikono haifanyi kazi ukingoni, bali ndani, karibu na kitako chake. Vivyo hivyo, ugali husongwa kwa nguvu kutoka juu ya ukingo wa sufuria. Sufuria yenye kina cha sentimeta 25 ikiwekwa juu ya meza ndefu humlazimisha msongaji kuinua mabega.

Kwa nini kuinama kuna madhara? Tutumie kanuni ya wenzo katika mfano uliorahisishwa. Sehemu ya mwili iliyo juu ya nyonga ina uzito wa nyutoni 350 hivi, na kitovu chake cha uzito kiko meta 0.3 kutoka kwenye nyonga, ambayo ndiyo egemeo. Mtu akisimama wima, uzito huo hupita juu ya egemeo, na momenti yake ni karibu na sifuri. Akiinama nyuzi 60 kutoka wima, umbali wa mlalo huwa 0.3 x sin 60°, yaani meta 0.26. Momenti ni 350 x 0.26 = nyutoni-meta 91. Misuli ya mgongo huvuta ikiwa sentimeta 5 tu kutoka kwenye egemeo. Kwa hiyo kani yake ni 91 ÷ 0.05 = nyutoni 1,820. Kani hiyo inazidi mara tano uzito wenyewe. Anayeosha vyombo kwenye beseni lililo sakafuni hubeba mzigo huo kwa muda wote aliopo hapo.

Haifai kudhani, hata hivyo, kwamba kila kazi ya chini ni mbaya. Kukuna nazi juu ya mbuzi au kuchambua mchele kwenye ungo ni kazi za kuketi, na mwenye kuketi vizuri huchoka kidogo kuliko anayesimama. Ubaya uko katika kuinama bila kuketi. Kwa hiyo mpango wa jiko letu utenge nafasi ya viti vifupi, nje ya njia ya wapitao.

5. KUPIMA HEWA

Moto wa mkaa hutoa gesi kwa njia mbili. Hewa ikitosha:

C + O2 → CO2

Hewa isipotosha:

2C + O2 → 2CO

Gesi ya pili, kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu. Hemoglobini ya damu hushikamana nayo kwa nguvu inayozidi mara 200 ile ya kushikamana na oksijeni, na hivyo mwili hukosa oksijeni ilhali mtu angali anapumua. Mkaa uliokolea vizuri hauonekani kuwa na moshi, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Jiko la mkaa lisiingizwe kamwe katika chumba kilichofungwa, iwe ni kwa kupikia au kwa kupata joto usiku.

Hewa ya jikoni huondolewa kwa msafara: hewa ya moto ni nyepesi, hupanda, na nafasi yake hujazwa na hewa baridi. Ili msafara ufanye kazi, chumba chahitaji tundu la chini la kuingizia hewa na tundu la juu la kutolea. Dirisha moja la katikati ya ukuta halitoshi, kwa kuwa moshi hukusanyika kati ya ukingo wake wa juu na dari.

Nguvu ya msafara inaweza kukadiriwa. Tofauti ya kanieneo ni sawa na kimo, mara g, mara tofauti ya densiti kati ya hewa ya nje na hewa ya ndani. Densiti ya hewa katika nyuzi 27 za Selsiasi (kelvini 300) ni kilogramu 1.18 hivi kwa meta ya ujazo, nayo hupungua kadiri halijoto katika kelvini inavyozidi.

Chumba chenye joto la nyuzi 37, matundu yakiachana kwa meta 2:
Densiti ya ndani = 1.18 x 300 ÷ 310 = 1.14.
Tofauti ya kanieneo = 2 x 10 x 0.04 = paskali 0.8.

Bomba la moshi la meta 3, lenye gesi ya nyuzi 127:
Densiti ya ndani = 1.18 x 300 ÷ 400 = 0.885.
Tofauti ya kanieneo = 3 x 10 x 0.295 = paskali 8.9 hivi.

Bomba la moshi huvuta mara kumi na zaidi kuliko matundu ya ukutani. Hivyo, mahali penye mkaa au kuni pajengewe mwavuli wa bati unaokusanya moshi, pamoja na bomba linalopita juu ya paa. Matundu ya ukutani yawe msaada wake, si badala yake.

Jambo la pili ni upepo. Katika pwani ya Tanzania, kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, hasa kati ya Desemba na Machi. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki katika miezi ya katikati ya mwaka. Pepo zote mbili zina sehemu itokayo mashariki. Basi jiko likiwekwa upande wa magharibi wa nyumba, moshi wake kwa sehemu kubwa ya mwaka huelekea mbali na vyumba vya kulala.

Lakini hapo lazuka tatizo jingine. Ukuta wa magharibi hupigwa na jua la alasiri. Jua hilo huwa chini angani, na upenu mfupi wa paa hauwezi kuuzuia mwanga wake. Ukuta wa matofali hupokea joto kwa mnunurisho, hulipitisha polepole kwa mpitisho, na hulitoa ndani saa kadhaa baadaye, wakati ule ule chakula cha jioni kinapopikwa. Mpishi huwa kati ya moto wa sufuria na moto wa ukuta.

Hapa ndipo ua wa kazi unapoonyesha thamani yake. Ukijengwa upande wa magharibi wa jiko, ukaezekwa, na ukuta wake wa nje ukawa wa matofali ya matundu, ua hukaa kama mwavuli: hupokea jua badala ya jiko, huku ukiruhusu upepo kupita. Tatizo la joto na tatizo la moshi hutatuliwa na chumba kimoja. Walimu walio bara wachunguze upepo wa mahali pao kabla ya kuamua, kwa kufunga utepe mwepesi kwenye mti na kuandika uelekeo wake asubuhi, mchana na jioni kwa wiki kadhaa.

6. GESI YA MTUNGI

Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propeni na buteni. Hizi si zile za jina linalofanana nazo zitumiwazo kutengenezea plastiki, bali ni C3H8 na C4H10. Uzito wa molekuli wa ya kwanza ni 44, wa ya pili ni 58, na wastani wa hewa ni 29. Kwa hiyo gesi inayovuja haipandi kama moshi, bali hushuka na kutandaa sakafuni. Matundu ya juu pekee hayatamlinda mtu. Sharti pawe na tundu usawa wa sakafu.

Tazama jinsi kiasi kidogo kinavyotosha kuleta maafa. Gramu 44 za C3H8 katika halijoto ya kawaida ya chumba hujaza lita 24 hivi. Kilogramu 1 basi hujaza lita 545, ambazo ni meta za ujazo 0.545. Chumba cha meta 3 kwa 3 kwa 3 kina meta za ujazo 27. Ukigawa 0.545 kwa 27 utapata asilimia 2, na hicho ndicho kiwango ambacho gesi hiyo huanza kuweza kulipuka ikichanganyika na hewa. Tena, kwa kuwa gesi hukusanyika chini, sehemu ya sakafuni hufikia kiwango hicho mapema zaidi.

Kutokana na hayo mtungi ukae nje ya ukuta, wima, kwenye kasha lenye matundu na kivuli, mbali na moto na mbali na mfereji ambamo gesi yaweza kutiririka. Gesi hutiwa dawa yenye harufu kali ili uvujaji utambulike. Harufu ikisikika, usiwashe wala kuzima taa. Funga mtungi, fungua milango, toa watu nje.

7. MAJI, USAFI NA NAFAKA

Sakafu ya ua iwe chini ya ile ya jiko kwa sentimeta 3 hadi 5, ili maji ya kufulia yasirudi ndani. Iwe na mteremko wa sentimeta 2 kwa kila meta 1. Katika ua wenye upana wa meta 2.4, tofauti ya kimo itakuwa sentimeta 5 hivi. Bomba la maji machafu lipindwe chini ya sinki ili libakize maji ya kina cha sentimeta 5 hivi. Maji hayo yaliyobaki ni kizibo kinachozuia harufu na mende. Bomba lililonyooka halina kizibo, hata likiwa jipya.

Mahali ambapo maji ya bomba hukatika, pipa la lita 200 likiinuliwa meta 1.5 juu ya mdomo wa bomba hutoa kanieneo ya 1,000 x 10 x 1.5 = paskali 15,000, inayotosha kuosha vyombo. Lakini maji hayo yana uzito wa nyutoni 2,000. Kwa hiyo jukwaa lake lijengwe kwa matofali au chuma, si kwa mbao dhaifu.

Nafaka zina adui wake, nao ni unyevu. Mahindi yahifadhiwayo yasizidi unyevu wa asilimia 13 hivi. Yakizidi, ukungu huota, na baadhi ya ukungu hutoa sumukuvu. Sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016. Haiondoki kwa kupikwa kwa kawaida. Kwa hiyo kabati la nafaka likae mbali na upande wa kufulia, juu ya chaga, bila kugusa ukuta. Sabuni, dawa za kung'arisha nguo na mafuta ya taa vikae uani, katika kabati la juu lenye kufuli, wala visitiwe katika chupa za soda, kwa maana mtoto hajui kusoma hatari asiyoiona.

8. MFANO WA MPANGO

Tuchukue familia ya watu saba inayopika kwa gesi, lakini ambayo bado huchemsha maharage na makande kwa mkaa. Jiko liwe na meta 3.0 kutoka mashariki hadi magharibi, na meta 3.6 kutoka kusini hadi kaskazini. Ua wa kazi, wenye meta 2.4 kwa 3.6, uungane nalo upande wa magharibi.

(a) Mlango wa kutoka ndani ya nyumba uwe mwisho wa kusini wa ukuta wa mashariki. Mlango wa ua uelekeane nao. Njia ya wapitao hunyooka kando ya ukuta wa kusini, na mtoto anayekimbia hapiti nyuma ya sufuria inayochemka. Upepo nao hupita hapo hapo.

(b) Kabati la chakula liwe katikati ya ukuta wa mashariki, sinki katikati ya ukuta wa magharibi, na jiko la gesi katikati ya ukuta wa kaskazini. Pande za pembetatu ni meta 2.4, 1.9 na 1.9, jumla ni meta 6.2, ambayo imo ndani ya kanuni.

(c) Sinki ya kufulia iwe ng'ambo ya ukuta wa sinki ya jikoni. Mabomba ya zote mbili hukutana mahali pamoja, na gharama hupungua.

(d) Jiko la mkaa, pamoja na mwavuli na bomba lake la moshi, likae pembe ya kaskazini-magharibi ya ua, juu ya jukwaa la sentimeta 40. Mtungi wa gesi ukae nje ya mwisho wa mashariki wa ukuta wa kaskazini, zaidi ya meta 4 kutoka kwenye mkaa.

(e) Tundu la chini la jiko liwe mwisho wa magharibi wa ukuta wa kaskazini; matundu ya juu yawe juu ya jiko la gesi.

(f) Mlango wa ua wa kutokea nje uwe upande wa kusini, ambako kamba za nguo hukaa mbali na moshi.

Mpango huu ni mfano tu. Familia yenye mzee anayetumia kiti cha magurudumu itahitaji milango mipana na meza fupi yenye nafasi chini yake. Familia inayouza maandazi itahitaji meza ndefu ya kukandia. Pembetatu, kiwiko, upepo na mteremko hubaki kuwa maswali yale yale. Majibu ndiyo hubadilika.

9. KAZI YA DARASANI

Wanafunzi, wavulana kwa wasichana, wafanye yafuatayo nyumbani kwao:

1. Chora ramani ya jiko kwa kipimo cha 1:50. Pima pande za pembetatu ya kazi na jumla yake.

2. Hesabu safari kati ya maji na moto wakati wa kupika mlo mmoja. Kadiria kilometa zinazotembewa kwa mwaka.

3. Pima kimo cha kiwiko cha kila mtu anayepika, na ulinganishe na kimo cha meza. Iwapo wapishi wawili wana vimo tofauti sana, pendekeza suluhisho.

4. Washa kijiti, kizime, na utazame moshi wake unaelekea wapi ukikishika karibu na dirisha, mlango na dari. Jaribio hili lisifanywe mahali penye mtungi wa gesi au harufu yake.

5. Gesi ya mkaa na gesi ya mtungi zote ni hatari. Eleza kwa nini ya kwanza huhitaji zaidi matundu ya juu na ya pili huhitaji matundu ya chini.

6. Muulize anayepika ni kazi ipi humchosha zaidi, kisha utafute chanzo chake katika ramani yako.

Swali la sita lisichukuliwe kuwa dogo. Mwenye nyumba huulizwa idadi ya vyumba, na fundi huulizwa bei ya saruji. Lakini mama, dada au kijana atakayesimama jikoni saa kadhaa kila siku aghalabu haulizwi kitu mpaka ukuta umekwisha kupigwa lipu. Futi kamba, utepe na kalamu ya risasi ni vitu vya bei ndogo. Vikitumika kabla ya msingi kuchimbwa, huokoa mgongo, pumzi na pengine uhai. Vikitumika baadaye, huonyesha tu mahali palipostahili kuwa pameachwa wazi.